Ngazi za Freemason: daraja la 33 ni nini, na siri iko wapi hasa

Mtoto wa mama mdogo alinipigia simu karibu saa sita usiku. Hakusalimia. "Kaka, hivi daraja la kumi na nane ni shilingi ngapi kwa ukweli?"

Nilidhani anaulizia mambo ya mshahara. Kumbe alikuwa amejiunga na Freemason, au tuseme alikuwa ameaminishwa kwamba amejiunga. Namba aliitoa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na duka lake: utajiri ndani ya siku saba, hakuna kafara, piga namba hii. Alilipia fomu. Akalipia pete. Kisha akaambiwa pete ile haivaliwi na mtu wa daraja la chini, itamdhuru, kwa hiyo apandishwe kwanza hadi daraja la tisa, halafu la kumi na nane, na kila daraja lina ada yake ya kutuma kwa simu. Alipofika hapo mtaji wa duka ulikuwa umekatika, na yule aliyejiita wakala alikuwa anamhimiza akakope.

Nilimwambia kitu kimoja usiku ule: umetapeliwa, usitume hata shilingi mia. Ila swali lake lilinikaa kichwani. Tapeli yule hakubuni habari ya madaraja. Aliikuta imeshajaa vichwani mwetu kwa kusikia vijiweni, kwenye mahubiri, na kwenye video za mtandaoni: kwamba Frimasoni, kama tunavyotamka, wana ngazi 33, kwamba wa chini hawajui lolote, kwamba siri yote iko juu na huko juu kuna shetani. Maneno hayo yana chembe za ukweli zilizoshonwa pamoja na uongo mwingi, na mshono ni mzuri kiasi kwamba ukitaka kuuona lazima uanze tangu nyuzi zilipofumwa.

Tuanze na kibanda, maana "mason" kwa Kiingereza ni mwashi. Kwetu loji ni nyumba ya kulala wageni. Kwa waashi wa mawe wa Ulaya ya zamani, loji ilikuwa kibanda cha saiti. Kanisa kuu lilijengwa kwa miaka mingi, na pembeni mwake mafundi walikuwa na banda la kuchongea mawe, kuweka zana, kula, na kusuluhisha ugomvi wao. Huko Uskoti utaratibu wa mabanda haya uliandikwa mapema. Mwezi wa Desemba 1598, William Schaw, msimamizi wa majengo ya mfalme, alitoa kanuni za kuwaongoza waashi: mwanagenzi atumikie miaka mingapi, nani aruhusiwe kuitwa fundi, na marufuku kumpa kazi fundi wa kuungaunga. Loji ya Edinburgh ina kumbukumbu za vikao vyake tangu 1599.

Sasa jiulize: mwashi aliyefuzu Edinburgh akisafiri kwenda kutafuta kazi mji mwingine, atajulikanaje kuwa ni fundi kweli? Hana cheti na hakuna wa kumpigia simu. Alichokuwa nacho ni neno, na namna ya kushikana mkono, alivyopewa siku alipoandikishwa. Yeyote aliyejua neno lile alionekana amepita mikononi mwa mafundi. Siri ya kwanza ya waashi ilihusu ajira na ujira. Ilimlinda fundi asinyang'anywe kazi na mtu aliyeokota mwiko jana. Ngazi zilikuwa mbili tu, mwanagenzi na fundi, kama ilivyo kwenye karakana yoyote ya useremala hapa kwetu, ambako kijana anaanza kwa kushika mbao na kufagia maranda.

Baadaye wakaanza kuingia watu wasiojua kuchonga jiwe. Mabwana wenye mashamba, wasomi, maofisa wa jeshi. Elias Ashmole, msomi na mkusanyaji wa vitu vya kale, aliandika kwenye shajara yake kwamba alipokelewa kuwa Mfrimasoni mjini Warrington, Uingereza, mwezi wa Oktoba 1646. Wasimulizi wa chama wanasema loji nne za London ziliungana siku ya Juni 24, 1717 na kuunda Loji Kuu ya kwanza, ingawa wanahistoria wa karibuni wanaitilia shaka tarehe hiyo na kuisogeza mbele miaka michache. Lisilo na ubishi ni kwamba 1723 katiba yao ilichapishwa London, ikiwa imetayarishwa na mchungaji James Anderson. Ilichapwa na kuuzwa kama kitabu kingine chochote.

Kufikia hapo zana za ujenzi zilikuwa zimegeuka mafumbo. Fundi yeyote wa saiti ya Mbagala au Kisauni angezitambua zote: nyundo na patasi, skwea, pimamaji, timazi, bikari, kamba ya kupigia mstari. Mwanagenzi anapewa nyundo na patasi na kuambiwa yeye ni jiwe lisilochongwa. Fundi wa daraja la pili anapewa skwea, pimamaji na timazi: awe mnyoofu, ajue watu wote wako sawa, asiyumbe. Ile skwea na bikari unazoziona kwenye nembo yao zimetoka hapo. Ni zana za kazi.

Daraja la tatu, la Fundi Mkuu, lilijitokeza katika miaka ya 1720, na hili linataka tulitazame taratibu kwa sababu ndilo lililozaa shaka zote zilizofuata. Msingi wake ni hadithi ya Hiramu. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu: kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, kinamtaja Hiramu wa Tiro, mwana wa mjane, fundi wa shaba aliyeletwa na Sulemani kufanya kazi za hekalu. Biblia haisemi alikufaje. Wafrimasoni wanasimulia kwamba mafundi watatu wa daraja la chini walitaka kupewa siri za ufundi mkuu kabla ya wakati wao. Walimvizia kwenye milango ya hekalu, kila mmoja mlango wake. Kila mlango akaombwa siri, kila mlango akakataa, kila mlango akapigwa, na kwenye mlango wa mwisho akafa. Wakamzika kwa siri na juu ya kaburi pakachomekwa tawi la mgunga. Sulemani akatuma watu kumtafuta, mwili ukapatikana na kuinuliwa. Lakini neno la siri lilikuwa limekufa pamoja naye. Kilichowekwa badala yake ni neno la muda, la kutumia hadi lile la kweli litakapopatikana.

Anayepandishwa daraja hili analazwa chini kama Hiramu, kisha anainuliwa. Na anapoinuliwa, baada ya viapo na vitisho na giza lote lile, anaambiwa kwamba siri aliyoifuata haipo. Ilipotea. Anapewa mbadala.

Nadhani hapa ndipo fundo lilipo. Chama kinachomwambia mwanachama wake, akiwa amefika kileleni, kwamba neno la kweli bado halijapatikana, kimemwachia mlango wazi kichwani. Lazima aulize: liko wapi? Na aliye nje anauliza kwa sauti kubwa zaidi. Waingereza walilijibu kwa utaratibu mwingine unaoitwa Tao la Kifalme, ambamo neno lililopotea linagunduliwa chini ya magofu ya hekalu. Loji kuu mbili za Uingereza zilizokuwa zikishindana zilipopatana na kuungana 1813, waliandika kwamba ufrimasoni halisi una madaraja matatu na si zaidi, Tao la Kifalme likiwa ndani yake. Matatu. Hadi leo Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza inasimamia hapo, na loji za Afrika Mashariki zilizoletwa na utawala wa Kiingereza zinafuata mkondo huo.

Basi 33 imetoka wapi? Imetoka Ufaransa, kwa njia ya Marekani. Katika miaka ya 1730 Mskoti mmoja aliyekuwa akiishi Ufaransa, Andrew Michael Ramsay, aliandaa hotuba akidai kwamba chimbuko la Wafrimasoni ni mashujaa wa Vita vya Msalaba. Ushahidi haupo. Lakini mabwana wa Paris walipenda zaidi kuwa warithi wa wapanda farasi wenye panga kuliko warithi wa mafundi wenye mikono ya chokaa, na ndani ya miaka michache madaraja mapya yakachipuka kama uyoga: shujaa wa hiki, mkuu wa kile, mlinzi wa kaburi fulani. Mfanyabiashara Étienne Morin akayabeba hadi visiwa vya Karibi, ambako yalipangwa yakawa 25. Mei 31, 1801, mjini Charleston, Carolina Kusini, likaundwa baraza lililoyapanga upya na kufikisha 33. Utaratibu huo unaitwa wa Kiskoti, ingawa haukuzaliwa Uskoti.

Ni ngazi ya nyumba ya jirani. Mtu akishakuwa Fundi Mkuu kwenye loji yake anaweza, akitaka, kujiunga pia na utaratibu huu, kama mwenye shahada anavyoweza kwenda kusoma kozi nyingine mahali pengine. Mwenye daraja la 32 akiingia kwenye loji ya kawaida hana amri yoyote juu ya mwenye daraja la tatu anayekalia kiti cha uenyekiti. Marekani kuna mahali madaraja ya 4 hadi 32 hutolewa mwisho wa juma mmoja: wanachama wanakaa ukumbini kama watazamaji, na jukwaani wenzao waliovaa kanzu na taji wanaigiza visa vya kale, daraja baada ya daraja. La 33 hutolewa kama heshima, kwa mwaliko wa baraza. Uingereza madaraja mengi ya katikati hutajwa majina tu, na mtu anafanyiwa la 18 moja kwa moja. Tena huko wana sharti: lazima awe Mkristo anayeamini Utatu.

Sharti hilo lina maana kubwa kwetu. Kwa miaka mingi mkuu wa Freemason wa Afrika Mashariki alikuwa Sir Andy Chande, Mtanzania wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa 1928, akakulia Bukene mkoani Tabora, na kufariki 2017. Ni mfanyabiashara ambaye kampuni ya familia yake ya kusaga nafaka ilitaifishwa 1967, kisha serikali ikamkabidhi yeye yule shirika la umma la usagishaji aliendeshe. Chande alikuwa Mhindu. Uongozi wake juu ya loji za nchi zetu ulitokana na mkondo wa madaraja matatu, na dini yake haikuwa kizuizi. Kama kweli amri zote zingekuwa zinatoka juu ya ngazi ya 33, na ngazi hiyo kwa Waingereza ni ya Wakristo peke yao, hadithi ya mtu huyu isingewezekana.

Tena Chande hakujificha. Alihojiwa na magazeti ya Tanzania, akaeleza, akaandika kumbukumbu za maisha yake. Majengo nayo yako barabarani: Dar es Salaam lipo Barabara ya Sokoine, Nairobi lipo Nyerere Road, London ukumbi mkuu uko Great Queen Street, ulimalizika kujengwa 1933, na una makumbusho ambayo mtu wa kawaida anaingia.

Niliposimulia haya kwa ndugu yangu, kilichomshangaza zaidi kilikuwa jambo la pesa. Kwa kawaida ya loji za Kiingereza, anayetaka kuingia anaomba mwenyewe, anadhaminiwa na wanachama wawili wanaomfahamu, anahojiwa, kisha kura inapigwa kwa gololi nyeupe na nyeusi ndani ya sanduku. Nyeusi chache tu zinatosha kumkataa. Siku ya kuingizwa anafunikwa macho, anavuliwa koti, mkono mmoja na goti moja vinaachwa wazi, kamba inawekwa shingoni. Kabla ya yote anavuliwa kila kitu cha chuma na cha thamani: saa, pete, sarafu, pochi. Akishakula kiapo na kufunguliwa macho, anasimamishwa kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya chumba, mahali ambapo jiwe la msingi huwekwa, na mbele ya watu wote anaombwa atoe chochote alicho nacho kwa ajili ya maskini. Hana. Anajipapasa, hana hata senti. Anaachwa asimame na aibu hiyo kidogo, halafu anaambiwa akumbuke saa hii siku atakapokutana na mwenzake aliyeishiwa.

"Kwa hiyo wao wanakuingiza ukiwa mtupu," ndugu yangu alisema, "na mimi nimeuza friji."

Wanachama hulipa ada ya mwaka kama vyama vingine, na wengi wao ni watu wenye nafasi, sitaki kuwapaka rangi ya utakatifu. Lakini hakuna loji inayogawa utajiri, na hakuna inayotafuta watu kwa karatasi za kwenye nguzo.

Na yule shetani wa daraja la 33? Yeye tunamjua hata alikozaliwa. Mwaka 1885 mwandishi wa Kifaransa aliyejiita Léo Taxil, mtu aliyekuwa amejipatia riziki kwa kulitukana Kanisa, alitangaza kwamba ameongoka. Akaanza kuchapa vitabu vya kufichua: kwamba juu ya Wafrimasoni wa kawaida kuna kundi la siri linalomwabudu Lusifa, makao yake Charleston, mkuu wake Albert Pike. Pike alikuwa mtu halisi, jenerali wa zamani wa majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa, aliyeongoza utaratibu wa madaraja 33 tangu 1859 hadi alipofariki 1891. Taxil akamwongezea mwanamke, Diana Vaughan, kuhani wa Lusifa aliyetubu na sasa anasimulia. Watu walinunua, walisali kwa ajili yake, na Papa Leo wa 13 alimpokea Taxil kwa mazungumzo.

Aprili 19, 1897, Taxil aliita waandishi na makasisi kwenye ukumbi wa Jumuiya ya Jiografia mjini Paris, akiahidi kwamba Diana atajitokeza. Akapanda jukwaani peke yake, akaeleza kwamba yote ameyatunga, miaka 12 mfululizo, na kwamba Diana Vaughan ni jina la mwanamke aliyekuwa akimpigia chapa. Ukumbi ulilipuka kwa hasira, akatoka akilindwa na polisi. Maneno ya kumsifu Lusifa aliyosingiziwa Pike ni mazao ya shamba hilo hilo, na bado yanasambazwa kwenye simu zetu, yametafsiriwa Kiswahili, pamoja na picha ya mzee mwenye ndevu ndefu. Mtunzi alikiri. Ungamo lake halikusafiri mbali kama uongo wake.

Na uongo wa aina hiyo umekwisha kuua. Wanazi waliziangamiza loji za Ujerumani kufikia 1935 wakidai ni chombo cha njama za Wayahudi. Hispania, Jenerali Franco alitunga sheria mwezi wa Machi 1940 ya kuwaadhibu Wafrimasoni, na maelfu walishtakiwa.

Hii haina maana kwamba kila anayewapinga ni mpumbavu au mwongo. Kanisa Katoliki liliwapiga marufuku tangu 1738, chini ya Papa Klementi wa 12, na hoja zake zilikuwa za wazi: viapo vya siri, na watu wa madhehebu mbalimbali kuapa pamoja kana kwamba tofauti za imani hazina uzito. Novemba 1983 Roma ilirudia kwamba Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi nzito na haruhusiwi kukomunika. Wanazuoni wa baraza la fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, Makka, walitoa msimamo mkali wa kuwapinga 1978. Kenya, David Githii alipokuwa kiongozi mkuu wa Kanisa la PCEA, aliendesha kampeni ya kuondoa makanisani alama alizoziona kuwa za Kifrimasoni. Muumini anayesema "Mungu wangu hatajwi kwa jina la mseto" ana haki ya kusema hivyo. Katika Tao la Kifalme lilikuwamo jina lililounganishwa kwa silabi za lugha tofauti, na malalamiko yalipozidi Waingereza wenyewe waliliondoa 1989. Miaka mitatu kabla, 1986, walikuwa wameondoa kwenye viapo vyao zile adhabu za kutisha za kukatwa koo na kung'olewa ulimi. Hakuna aliyewahi kuthibitishwa kutekelezewa adhabu hizo Uingereza, lakini kumwapisha mtu kwa maneno kama hayo juu ya kitabu kitakatifu ni jambo ambalo binafsi naona lilistahili kulaumiwa.

Wala Wafrimasoni si mwili mmoja wenye kichwa kimoja duniani. Mwaka 1877 Wafrimasoni wa Ufaransa wa Grand Orient, loji kuu ya huko, waliondoa sharti la kumwamini Mungu, na Waingereza wakakata uhusiano nao, hadi leo. Marekani Mwafrika huru aliyeitwa Prince Hall aliingizwa Boston 1775 na loji ya wanajeshi wa Kiayalandi, akapata hati kutoka London 1784, na bado loji za weupe wa nchi yake ziliwakataa ndugu hao weusi kwa karibu miaka mia mbili. Wanaohubiri usawa kwa pimamaji walishindwa mtihani wa kwanza. Kundi lililogawanyika hivyo halitawali dunia kwa amri moja.

Nikirudi kwenye siri, naona tunachanganya siri za aina mbili, na mtu aliyelelewa kwetu anaweza kuzitenganisha haraka kuliko Mzungu. Jandoni na unyagoni kuna siri. Nyimbo zake, mafumbo yake, maneno ya kungwi, havisemwi sokoni. Lakini kijiji kizima kinajua nani ameingia, nani amewapeleka, na siku gani wametoka, maana wanapokelewa kwa ngoma. Mambo yamefichwa, watu hawakufichwa. Ngoma za beni nazo, za Marini na Arinoti, zilikuwa na wafalme, majenerali na makapteni wao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kiingereza ilizichunguza ikihofia njama, ilhali wale wafalme na makapteni walikuwa wakipita barabarani mchana kweupe na matarumbeta yao.

Ufrimasoni wa kawaida uko upande huo. Yaliyomo ndani yalishavuja zamani: mwezi wa Oktoba 1730 Samuel Prichard alichapa London kijitabu chenye madaraja yote matatu, maswali na majibu yake, na kikachapwa tena mwezi uleule kwa jinsi kilivyonunuliwa. Karibu miaka mia tatu siri hiyo inauzwa hadharani. Na majina? Sheria ya Uingereza ya 1799 ilizilazimisha loji kupeleka serikalini kila mwaka orodha ya wanachama, kazi zao na wanakoishi, na ilidumu hadi 1967.

Aina ya pili ndiyo ya kuogopwa, nayo ilionekana Italia. Machi 17, 1981, polisi wa fedha waliingia kwenye kiwanda cha nguo huko Castiglion Fibocchi, karibu na Arezzo. Mahakimu wa Milano walikuwa wanafuatilia kesi ya mwenye benki aliyefilisika, Michele Sindona, na nyayo zikawafikisha kwa Licio Gelli. Ofisini mwake wakakuta orodha ya majina 962. Walikuwamo wakuu wa idara za usalama wa taifa, majenerali, mawaziri, wabunge, wenye mabenki, wahariri, na mfanyabiashara aliyekuwa bado hajaingia siasa, Silvio Berlusconi. Ilikuwa loji inayoitwa Propaganda Due, P2 kwa kifupi. Orodha ilipotangazwa mwezi wa Mei, serikali ya Waziri Mkuu Arnaldo Forlani ilianguka ndani ya siku chache. Januari 1982 Italia ilipitisha sheria ya kuivunja P2 na kuadhibu vyama vya siri, na tume ya bunge chini ya Tina Anselmi ikachimba hadi 1984.

Tazama P2 ilivyokuwa ikifanya kazi. Haikuwa na vikao vya kawaida. Wengi waliingizwa faragha, hawakupanda daraja baada ya daraja, na hawakufahamiana. Aliyekuwa na orodha alikuwa Gelli. Hakuna gololi wala ndugu wa kukataa. Jenerali hakujua kwamba mhariri yumo, mhariri hakujua kwamba hakimu yumo, na mtu mmoja aliwajua wote na kuwashika kwa kile alichokijua. Grand Orient ya Italia ilikuwa imeisimamisha loji ile tangu 1976, Gelli akaendelea. Hatari haikutoka juu ya ngazi, kwa sababu ngazi yenyewe haikuwapo. Ilitoka kwenye orodha ambayo mwananchi hakuiona, ya watu aliowakabidhi bunduki, hazina na mahakama zake.

Hapo swali linakuwa gumu kweli, na nchi zinalijibu tofauti. Uingereza tangu 1998 iliwataka majaji wapya waseme kama ni Wafrimasoni, kisha 2009 sharti likaondolewa, baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuamua 2001 na 2007 kwamba mikoa ya Italia iliwaonea Wafrimasoni kwa masharti ya aina hiyo kwenye nafasi za umma. Mimi naelemea upande wa kutangaza. Raia ana haki ya kuwa na chama chake na faragha yake, lakini anayenihukumu, anayenikamata, au anayegawa zabuni kwa kodi yangu, nataka nijue anakula viapo gani na nani, iwe ni loji, iwe ni umoja wa waliosoma pamoja, iwe ni kikundi cha kufa na kuzikana cha wakubwa watupu.

Ndugu yangu hakuwa na wasiwasi na majaji. Alitaka kujua kama pesa itarudi. Tulikwenda polisi, akafunguliwa jalada, akapewa namba. Ada ya fomu, ya pete, na ya madaraja mawili, zote ziko kwenye meseji za simu yake, na tarehe zake. Siku ya nne baada ya hapo wakala alimtumia ujumbe mwingine: daraja la 33 limebaki nafasi moja, akilipia kabla ya Ijumaa anapunguziwa nusu. Aliusoma kwa sauti, akanipa simu niuone, kisha akapeleka ujumbe huo nao kituoni.